Kutafuta kikundi cha kuacha pombe Mombasa

Maswali haya huniijia mara kwa mara, mengi kwa sauti ya chini, muulizaji akiwa ameshaaga na yuko mlangoni. Nayajibu hapa kwa pamoja.

Nataka kuacha. Nianze kwa kutafuta kikundi?

Inategemea mwili wako. Kama asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue ndipo utulie, anza kwa daktari. Aliyekunywa kila siku kwa muda mrefu akikata ghafla, jasho na mtetemeko huanza baada ya saa chache. Degedege linaweza kumshika ndani ya siku mbili za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya nne wengine huweweseka, wakaona na kusikia yasiyokuwepo. Hali hiyo huua.

Hapa kwetu huwa nahofia zaidi Ramadhani inapokaribia. Wapo wanaokata pombe usiku ule mwezi unapoandama, kwa nia safi kabisa, bila kumwambia mtu. Nia hiyo ishike, lakini mwili uliozoea unahitaji dawa na uangalizi. Nenda Hospitali Kuu ya Pwani au Port Reitz, na ukiulizwa unakunywa kiasi gani, sema kiasi chenyewe. Daktari akisikia "kidogo tu" atakupimia matibabu ya kidogo tu.

Vikundi vyenyewe ni vipi?

Kinachojulikana zaidi ni Alcoholics Anonymous, ambacho wengi hukiita AA tu. Kilianzishwa mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, na wanaume wawili walevi, mmoja wao daktari, waliogundua kwamba mlevi akizungumza na mlevi mwenzake, kiu hupungua. Hutumia hatua 12, hakuna ada, na mtu hutaja jina lake la kwanza peke yake. Mwaka 2020 watafiti walikusanya tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000, wakaona kwamba programu zinazomshika mtu mkono hadi AA zilisaidia wengi kukaa bila pombe kabisa, mara nyingi kuliko tiba nyingine za mazungumzo.

Wasiopenda mambo ya hatua na Mungu wana SMART Recovery, iliyoanza mwaka 1994, inayofunza mbinu za kushinda kiu. Mikutano yake mingi iko mtandaoni. Vilevile vituo vya matibabu kama kile cha Miritini vinaweza kukuelekeza penye wenzako waliomaliza tiba.

Mimi ni Muislamu, na mkutano uko kwenye ukumbi wa kanisa.

Ukumbi huwa wa kukodi au kuazimwa. AA si kanisa. Inamtaja Mungu "kama tunavyomwelewa", nawe utamtaja unavyomjua. Moyo ukikataa bado, tafuta kikundi kingine. Usikae nyumbani kwa sababu ya jengo.

Nitajuaje kinanifaa?

Angalia kwanza kama unaweza kukifikia saa ile kiu inapokuuma. Ukikaa Likoni na mkutano uko Nyali saa moja usiku, kuna feri, kuna matatu mbili na nauli ya kurudi. Mwisho wa mwezi, mshahara ukiwa mfukoni, safari hiyo ina vishawishi vingi mno. Kagua na njia yenyewe: ikipita mangweni ulikozoea kukaa, zunguka, hata kama ni mbali.

Kisha lugha. Mtu anaweza kujua Kiingereza cha ofisini na bado asiweze kukitumia kueleza usiku aliomwaga pesa za karo. Uliza pia kama kuna wanawake, au mkutano wa wanawake peke yao. Dada zetu wengi hunyamaza mbele ya wanaume. Hudhuria angalau mara tatu kabla ya kuamua. Siku ya kwanza kila kitu huonekana kigeni.

Ondoka upesi ukiambiwa utupe dawa za hospitali, ukidaiwa pesa nyingi, ukisikia mtu anafungwa au kupigwa ili aache, au siri yako ikikurudia sokoni Kongowea.

Nikionekana je?

Mji wetu unajuana, na sitara ni haki yako. Chagua kikundi cha mtaa mwingine, au anza mtandaoni kamera ikiwa imezimwa. Pia piga 1192, nambari ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, ueleze hali yako na uulize msaada ulio karibu nawe.

Mume wangu hataki kwenda popote.

Nenda wewe. Al-Anon, ya familia za wanywaji, ipo tangu 1951, na huhitaji ruhusa yake wala yeye kuacha kwanza.

Nilikaa miezi minne, nimekunywa tena. Nirudi na uso gani?

Na huo huo. Rudi wiki hii, na kama mtetemeko umerudi, pitia hospitali kwanza. Niliwahi kuketi nyuma kwenye mkutano ulio wazi kwa wageni, akaingia mtu aliyepotea wiki kadhaa. Alisimama kando ya mlango, macho chini. Hakuna aliyemuuliza alikokuwa. Mzee mmoja alivuta kiti cha plastiki karibu na chake, akamimina chai, akaijaza nusu kikombe tu, kwa sababu aliiona ile mikono.