Kivuko chenye zebra na mataa: tukiandikeje kwenye ramani?

Ukisema "kivuko" Dar es Salaam, wengi watafikiria pantoni ya Kigamboni kabla ya michirizi myeupe ya barabarani. Kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004, pantoni ina lebo zake, yaani maneno mafupi ya mtindo wa jina=thamani yanayoeleza kitu kilichochorwa. Hapa tunazungumzia vivuko vya waenda kwa miguu.

Nodi ya kivuko, yaani nukta inayokiwakilisha, huwekwa juu ya mstari wa barabara yenyewe, pale njia ya miguu inapoukata, na kupewa lebo highway=crossing. Lebo hiyo peke yake inasema tu kwamba watu huvukia hapo. Aina ya kivuko huja kwenye lebo ya pili, na hapo ndipo wachoraji wengi hujikwaa.

Penye taa, andika crossing=traffic_signals. Penye rangi bila taa, lebo ya siku nyingi ni crossing=uncontrolled, neno ambalo limewapoteza wengi. Ukilitafsiri ("kisichodhibitiwa"), utadhani ni pale ambapo mtu na bodaboda kila mmoja anajitegemea. Sivyo: maana yake ni kivuko kilichochorwa, ila hakina taa. Ndiyo maana wengine wamehamia crossing=marked, na kwa maoni yangu hawajakosea. Pasipo na rangi wala taa, lakini watu huvukia, ni crossing=unmarked.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba lebo hii moja ya crossing imebebeshwa mizigo miwili, rangi na taa. Chukua vivuko vya kuingilia vituo vya mwendokasi kwenye Barabara ya Morogoro, vile vyenye zebra na mataa kwa pamoja. Ukiandika crossing=zebra, taa zinapotea kwenye data; ukiandika traffic_signals, rangi haijulikani. Dawa ni kuvitenganisha: crossing:markings=zebra kwa michirizi, crossing:signals=yes kwa taa. Ile lebo ya zamani usiifute, kwa kuwa programu nyingi bado huisoma.

Kisiwa cha kusimamia katikati ya barabara nacho kina lebo yake: crossing:island=yes. Anayesukuma kiti cha magurudumu atakushukuru zaidi ukiongeza kerb=lowered pale ukingo uliposhushwa, au kerb=raised pale atakapokwama.

Daraja la juu, kama lile la Manzese, si kivuko kwa maana hii. Lichore kama njia ya miguu yenye bridge=yes (ni daraja) na layer=1 (liko tabaka moja juu), bila kuliunganisha na barabara iliyo chini; ukiliunganisha, programu ya kuelekeza njia itamshusha mtu katikati ya magari.

Na kabla ya kuhifadhi, fika mwenyewe au muulize aliyepita hapo karibuni. Rangi ikiwa imefutika kabisa, andika crossing:markings=no, hata kama picha ya setilaiti ya mwaka juzi bado inaonyesha michirizi inang'aa.