Wati nyingi si kipimo cha spika janja nzuri

Wengi wakichagua spika janja ya nyumbani, ile unayoiamuru kwa kuisemesha, huangalia kwanza namba ya wati kwenye boksi, wakiamini kwamba ya wati 60 italia mara mbili ya ile ya wati 30. Sivyo. Nguvu ikiongezwa mara mbili, sauti hupanda kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua, lakini ni ndogo. Ili isikike imekuwa kubwa maradufu, zinahitajika takriban desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Tena baadhi ya maboksi huandika kilele cha muda mfupi sana, si nguvu ambayo spika inaihimili mfululizo.

Kinachoamua zaidi ni ukubwa wa koni (sehemu inayotetemeka kutoa sauti), ujazo wa kasha la spika yenyewe na mahali unapoiweka. Ukiibana kwenye kona, kuta huongeza besi hadi maneno ya mwimbaji yanamezwa. Isogeze mbele sentimita 20 au 30, kisha sikiliza tena wimbo uleule.

Jaribu hivi: cheza wimbo unaoujua vizuri kwa sauti ya asilimia 30, halafu 80. Spika ndogo nyingi hupunguza besi zenyewe sauti ikipanda, ili koni isitetemeke kupita kikomo chake. Ndipo muziki unapokuwa mwembamba na wa kukwaruza. Hapohapo kwenye 80, iite ukiwa umbali wa mita 3. Ikikulazimu kupaza sauti, maikrofoni zake zinazidiwa na muziki inaoucheza yenyewe, na usumbufu huo utakuwa wa kila siku.