Kuchangia wakati wa maafa: shirika lipi la kuaminiwa?

Dhana: Shirika bora ni lile lenye gharama ndogo kabisa za uendeshaji.

Dhana hii huwapotosha hata wachangiaji makini. Mwaka 2013 wakuu wa GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, taasisi tatu za Marekani zinazochunguza mashirika ya hisani, walitoa barua ya pamoja kuwasihi watu waache kulipima shirika kwa asilimia ya gharama za uendeshaji peke yake. Sababu imo ndani ya hesabu zenyewe. Mshahara wa msimamizi mmoja unaweza kuandikwa chini ya mradi au chini ya utawala, kutegemea namna mhasibu alivyougawa. Shirika lililopewa dawa zilizothaminiwa kwa mamilioni kwenye karatasi litaonekana limepeleka karibu kila kitu kwa walengwa, ilhali fedha taslimu nyingi zimeishia kwenye matangazo ya kuchangisha. Halafu ghala lisilo na karani wa kuhesabu mablanketi yanayoingia na kutoka ndimo mablanketi yanamopotelea. Karani huyo ni gharama ya uendeshaji, na tunataka awepo.

Soma ripoti ya mkaguzi wa nje. Shirika limepata hati safi, yaani mkaguzi ameridhika na hesabu, au hati yenye shaka? Kisha nenda kwenye maelezo ya mwisho ya hesabu, kurasa ambazo wengi huziruka: je, kuna mjumbe wa bodi ambaye kampuni yake ndiyo inayoliuzia shirika mahema?

Dhana: Limesajiliwa, kwa hiyo ni salama.

Usajili unathibitisha kwamba shirika lipo kisheria, basi. Hata hivyo anzia hapo. Chukua nambari ya usajili, uitafute mwenyewe kwenye daftari la msajili bila kubofya kiungo ulichotumiwa. Linganisha jina neno kwa neno, maana matapeli hulichukua jina la shirika kongwe wakabadili neno moja tu. Tazama hesabu za mwaka ziliwasilishwa lini. Daftari la Charity Commission la Uingereza na Wales, kwa mfano, huonyesha wazi waliochelewa. Jina la akaunti ya benki lifanane na lile lililosajiliwa. Ukiombwa kutuma kwa akaunti ya mtu binafsi, kwa kadi za zawadi au kwa sarafu za kidijitali, acha.

Dhana: Heri kutoa vitu, fedha huibiwa.

Vitu navyo huibiwa, na visipoibiwa huziba njia. Baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, Aceh nchini Indonesia ilipokea takriban tani 4,000 za dawa za msaada, nyingi zikiwa na maandishi ya lugha ambayo wahudumu wa huko hawakuielewa. Dawa za namna hiyo lazima zichambuliwe na kuteketezwa, tena na watu walewale waliopaswa kuwa wanatibu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa ya msaada ifike ikiwa imebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda.

Au chukua maji. Viwango vya Sphere, yaani viwango vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu, vinataka angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na usafi. Kontena lenye lita 20,000 za maji ya chupa litawatosha watu wapatao 1,333, kwa siku moja tu. Ndiyo maana shirika linaloeleza kwamba litanunua pampu, matangi na klorini karibu na eneo la maafa linatupa imani zaidi kuliko lile linalokusanya katoni.

Dhana: Aliyeonekana kwanza kwenye runinga ndiye anayefanya kazi.

Fungua ripoti yake ya mwaka uliotangulia. Je, eneo hilo limetajwa? Asiyekuwa na wafanyakazi wala wabia wenyeji pale kabla ya maafa atatumia wiki za kwanza kutafuta magari na vibali.

Uliza pia: fedha zikizidi mahitaji, mtafanya nini? Mapema Januari 2005 Madaktari Wasio na Mipaka (MSF), shirika la kimataifa la tiba, walitangaza kwamba michango ya tsunami imewatosha, kisha wakawaomba wachangiaji ruhusa ya kuhamishia ziada kwenye dharura nyingine. Jibu la swali hilo litafute kwenye fomu ya mchango kabla hujalipa: sentensi inayosema ziada itakwenda wapi.