Mandhari ya aikoni kwenye Linux: ni nini hasa, na huwekwa na kuondolewa vipi

Anayebadilisha aikoni za kompyuta ya Linux kwa mara ya kwanza huwa na wasiwasi mmoja: zile za zamani zimekwenda wapi? Ameona pipa la taka limegeuka sura na folda za njano zimekuwa za bluu, akadhani picha mpya zimefuta za mwanzo. Hazijafutwa. Zipo palepale zilipokuwa, ila hakuna anayeziita.

Neno la kushika hapa ni hilo, kuita. Kwenye Linux, kwa kawaida programu haibebi picha yake mkononi, inataja jina tu. Fungua folda `/usr/share/applications` uone mafaili yanayoishia na `.desktop`, kila programu na lake. Ndani ya lile la LibreOffice Writer kuna mstari usemao `Icon=libreoffice-writer`. Huoni njia ya faili wala `.png`. Folda ya kawaida inaitwa `folder`, pipa tupu la taka ni `user-trash`, na kitufe cha kuhifadhi ni `document-save` (ambacho mandhari nyingi bado zinakichora kama disketi, kitu ambacho vijana wengi hawajawahi kukigusa). Mandhari ya aikoni, au themu kama wengi tunavyosema, ni folda ya picha zilizopewa majina hayo. Ukibadilisha mandhari, majina yanabaki yaleyale, anayeitika ndiye mwingine.

Majina yenyewe hayakuokotwa tu. Yalikubaliwa chini ya freedesktop.org, mradi ulioanzishwa na Havoc Pennington mwaka 2000 ili mazingira ya eneo-kazi (yaani madirisha, menyu na mipangilio unayoiona kwenye skrini) yaliyokuwa yakienda kila moja njia yake, hasa GNOME na KDE, yaelewane. Ndiyo maana mandhari moja kama Papirus unaweza kuitumia kwenye matoleo tofauti ya Linux, kama Ubuntu, Mint au Fedora, bila kubadilisha kitu.

Ukiingia ndani ya folda ya mandhari, faili la muhimu kuliko yote ni `index.theme`. Ni maandishi matupu, unaweza kulisoma kwa kihariri chochote. Linataja jina la mandhari, folda ndogo zilizomo na ukubwa wa picha katika kila moja: 16, 22, 48 na kuendelea. Picha ndogo mara nyingi huchorwa upya badala ya kupunguzwa, kwa sababu mchoro mzuri wa 48 ukiubana hadi 16 unabaki doa. Halafu kuna mstari mmoja ambao watu wengi wanaupita bila kuutazama: `Inherits=`.

Mstari huo unajibu swali la nani anaulizwa mandhari yako ikikosa picha. Ukimtuma mtoto sukari kwa Mangi mwenye duka, naye Mangi hana, mtoto harudi mikono mitupu, anavuka barabara kwenda duka la pili. Kompyuta hufanya hivyohivyo: inauliza mandhari uliyochagua, kisha zile zilizotajwa kwenye `Inherits`, na mwisho kabisa inabisha hodi kwa `hicolor`. Hicolor ndilo duka la mwisho mtaani. Programu nyingi zikisakinishwa huweka aikoni zao humo, hivyo usije ukaifuta eti kwa sababu hukumbuki kuiweka.

Kusakinisha kuna njia mbili. Ya kwanza, ambayo ningemshauri yeyote aanze nayo, ni kupitia ghala la programu la mfumo wako. Kwenye Debian, Ubuntu na Mint, andika hii kwenye terminal, yaani dirisha la amri (`sudo` inakupa ruhusa ya msimamizi, `apt` ndiyo inayosakinisha):

`sudo apt install papirus-icon-theme`

Kwenye Fedora unaweka `dnf` mahali pa `apt`. Mandhari inakaa `/usr/share/icons`, kila mtumiaji wa kompyuta anaiona, na inasasishwa pamoja na mambo mengine.

Njia ya pili ni kupakua faili lililobanwa, kwa kawaida `.tar.gz` au `.tar.xz`, na kulifungulia kwenye folda yako binafsi, ambayo Linux huiandika `~`:

`mkdir -p ~/.local/share/icons`
`tar -xf ~/Downloads/mandhari.tar.xz -C ~/.local/share/icons`

Mandhari za zamani hukuelekeza kwenye `~/.icons`, nayo inafanya kazi. Folda hizi zinaanza na nukta, kwa hiyo zimefichwa. Bonyeza Ctrl+H kwenye dirisha la mafaili zijitokeze. Hapa hakuna haja ya `sudo`, na ukiharibu umeharibu kwako peke yako.

Mandhari ikigoma kuonekana kwenye orodha, angalia kwanza kama folda haikuingia ndani ya folda. `index.theme` inatakiwa iwe hatua moja tu chini ya `icons`, yaani `icons/Jina/index.theme`. Ikiwa `icons/Jina/Jina/index.theme`, mfumo hauioni.

Kosa jingine lilinipotezea jioni nzima. Nilipakua mandhari kwenye kompyuta ya rafiki, nikaifungua hukohuko, nikabeba folda kwa fleshi. Kufika nyumbani, karibu nusu ya aikoni hazipo. Kumbe ndani ya mandhari picha moja huwa na majina mengi, na majina hayo ya ziada si nakala, ni viungo tu vinavyoelekeza kwenye faili moja. Fleshi nyingi zimeumbizwa kwa FAT32 au exFAT, mitindo ya kupanga mafaili kwenye diski, na huko viungo vya namna hiyo havihifadhiki. Beba faili likiwa bado limebanwa, ulifungue kwenye diski ya Linux.

Kuchagua ni kazi ya dakika moja. Mint, KDE na Xfce (mazingira mengine ya eneo-kazi) zina sehemu yake kwenye mipangilio. GNOME haina, hivyo unasakinisha GNOME Tweaks au unaandika:

`gsettings set org.gnome.desktop.interface icon-theme 'Papirus'`

Jina unaloandika hapo ni la folda, si lile zuri lililoandikwa ndani ya `index.theme`. Mara nyingi yanafanana, lakini si lazima. Ukitaka kurudi kwenye mandhari ya mwanzo, weka `reset` mahali pa `set` na uache jina la mandhari.

Kuondoa kuna utaratibu wake: hamia kwanza mandhari nyingine, ndipo uondoe hii. Ukifuta iliyo kazini kompyuta haitazimika, ila huenda ukabaki na aikoni za mchanganyiko na visanduku vitupu hapa na pale. Uliyoiweka kwenye folda yako binafsi unaifuta kama folda nyingine yoyote. Uliyoileta kwa apt unaiondoa kwa apt, `sudo apt remove papirus-icon-theme`. Usiingie `/usr/share/icons` na kufuta kwa mkono, maana apt itaendelea kuamini kifurushi kipo. Na kabla ya kukubali, soma orodha ya vitakavyoondoka. Ukijaribu kuiondoa `adwaita-icon-theme`, kwa mfano, utaona programu nyingine zimepanga foleni kuondoka nayo, kwa sababu zinaitegemea. Hapo jibu ni hapana.

Chungulia pia kama folda unayofuta ina folda ndogo iitwayo `cursors`. Mishale ya mausi nayo hukaa humohumo kwenye `icons`, na wengine wamefuta "aikoni" wakashangaa mshale umebadilika.

Ukitaka kuyaona haya yote yakifanya kazi, tengeneza mandhari ya picha moja. Unda `~/.local/share/icons/Yangu/scalable/places`, weka humo mchoro wowote wa SVG (picha inayokuzwa bila kuharibika) uupe jina `user-trash.svg`, kisha ndani ya `Yangu` andika `index.theme` hii:

`[Icon Theme]`
`Name=Yangu`
`Comment=Pipa langu`
`Inherits=Papirus`
`Directories=scalable/places`

`[scalable/places]`
`Size=48`
`MinSize=16`
`MaxSize=512`
`Type=Scalable`
`Context=Places`

Ichague. Kila kitu kitabaki cha Papirus isipokuwa pipa la taka, ambalo sasa ni mchoro wako. Kisha futa faili moja, liingie pipani, na kwenye mazingira mengi pipa litarudi kuwa la Papirus papo hapo: likishakuwa na kitu ndani huitwa `user-trash-full`, na jina hilo wewe hukulichora.