Mahakama ilishasema, mbona sheria iko vilevile?

Novemba 2020 alinijia mama mmoja wa Mingoyo, hapa ofisini Lindi. Binti wa kaka yake ana miaka 15, amemaliza la saba, posa imeshapokelewa. Akaniuliza, "Mwanangu, redioni si walisema mahakama imekataza watoto kuolewa?"

"Ilikataza, mama. Ila kitabu cha sheria hakijaguswa."

Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa baba akiridhia, na wa 14 mahakama ikiruhusu. Mvulana ni 18. Siwabezi walioitunga: walikuwa wanaziweka ndoa za dini zote na za mila chini ya sheria moja, na umri ule ulikuwa maafikiano ya wakati ule. Kisha nchi ikasogea. Sheria ya Mtoto ya 2009 ikatamka kwamba mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na sheria mbili zikaanza kugongana.

Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, akafungua shauri kuupinga umri ule. Julai 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vinakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 23, 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Ibara ya 30(5) ya Katiba inairuhusu mahakama, badala ya kuibatilisha sheria papo hapo, kuipa Serikali muda wa kurekebisha kasoro. Mahakama Kuu ilitoa mwaka mmoja. Hata ukianza kuhesabu upya siku rufaa ilipotupwa, mwaka ulikwisha kabla mama huyu hajafika kwangu. Kalamu ya kuandika sheria iko bungeni: muswada, kamati, kura, saini ya Rais.

Na Bunge likitaka, linaweza. Mwaka uleule wa 2016 lilirekebisha Sheria ya Elimu, anayemuoa mwanafunzi akawekewa kifungo cha miaka 30 jela. Kumtetea mwanafunzi hakukumgusa mtu. Umri wa ndoa unagusa dini, mila na mamlaka ya baba, na wabunge wanarudi majimboni kuomba kura kwa akina baba haohao. Mimi naona huo ndio ugumu wenyewe, wala si uhaba wa hoja.

Binti yule hakuwa tena mwanafunzi, kwa hiyo kinga ile haikumfikia. Tulikwenda kwa kaka yake jioni ileile, mimi na shangazi mtu, tukakaa mkekani mpaka isha.