Namba za chini zikifanana, vipeo si lazima vifanane

Wengi wanaojiandaa na GRE au GMAT, mitihani ya kuombea nafasi za masomo ya uzamili, wamekariri kanuni moja: namba ya chini ikiwa ileile pande zote mbili za mlinganyo, vipeo (zile namba ndogo za juu) navyo ni sawa. Kwa 2ˣ⁺¹ = 16 inakubali vizuri. 16 ni 2⁴, hivyo x ni 3. Shida huanza pale namba ya chini yenyewe inapokuwa herufi.

Chukua x⁶ = x⁴. Aliyekariri ataona 6 si 4, aandike kwamba hakuna jibu. Lakini jaribu 1. Jaribu 0. Jaribu na −1: kila upande unatoa 1, kwa kuwa vipeo vyote ni shufwa. Majibu ni matatu! Ukikimbilia kugawanya kwa x⁴ unabaki na x² = 1, na sifuri imeshakuponyoka. Nakusihi, usigawanye kwa herufi ambayo huenda ni sifuri. Hamishia kila kitu upande mmoja, kisha toa x⁴ nje ya mabano: x⁴(x² − 1) = 0. Hapo majibu yote matatu yanaonekana.

Kanuni ile ni salama namba ya chini ikiwa chanya na isiwe 1. Kwa hiyo ukipewa xᵃ = xᵇ bila maelezo mengine, ukaulizwa kati ya a na b ipi kubwa, chagua lile jibu la nne katika maswali ya kulinganisha ya GRE: haiwezi kubainika.