Molasi haifanyi nyanya ziwe tamu jamani

Wiki hii nimeulizwa mara nne swali moja, eti bwana shamba ni kweli ukimwagilia molasi nyanya zinakuwa tamu? Mmoja akanitumia na video wasapu, mzungu kavaa glavu anamimina maji meusi kwenye mche wa bangi huku anausifia kama mtoto wake. Nikacheka sana. Haya mambo ya molasi mtandaoni mengi yanatoka kwa wakulima wa bangi, Kanada huko sheria imeruhusu tangu 2018 watu wanapanda mpaka nyumbani. Kwetu ni jela, so mi naongelea nyanya, hoho na sukuma wiki, ila udongo haujui umepandwa nini, kinachotokea huko chini ni kile kile.

Molasi ni ule uji mzito mweusi unaobaki kiwandani sukari ikishatolewa kwenye juisi ya miwa. Huku Kanda ya Ziwa kiwanda cha jirani ni Kagera Sugar kule Misenyi, ila wengi mnaijua kutoka maduka ya vyakula vya mifugo, wafugaji wanaichanganya na mabua ili ng'ombe wale bila kuringa.

Sasa utamu. Sukari ya nyanya inatengenezwa kwenye majani kwa jua, haipandi kutoka kwenye mizizi kama soda kwenye mrija, ungekuwa unapanda hivyo tungemwaga asali tu tumalize. Na kama mbolea molasi ni dhaifu, we piga hesabu: kijiko kimoja cha chakula ni kama gramu 20, karibu nusu yake ni sukari, potasiamu haifiki hata gramu 1, kalsiamu na magnesiamu vidogo, naitrojeni, ile inayokuza majani, ya kubahatisha. Kijiko hicho unakichanganya kwenye maji lita 5 halafu unatarajia hoho zinenepe? Aisee.

Anayekula ile sukari ni bakteria. Wakiipata wanazaliana haraka sana, wanameng'enya samadi na mboji iliyopo, na wao wakifa au wakiliwa na vijidudu wengine ndo chakula kinaachiwa mizizi inyonye. Kwa hiyo we unawapikia wapishi, mmea unakula baadaye. Na hapo ndo penye shida kwetu, maana udongo wa huku mwingi ni luseni, ule mchanga uliotokana na haya mawe makubwa mnayopigia picha, ukiukamata mkononi unapita katikati ya vidole. Hauna mboji. Bakteria ukiwapa sukari tupu kwenye luseni wanahitaji naitrojeni kujenga miili yao, wataitoa wapi? Wanamnyang'anya mche.

Hili nalijua kwa aibu. Miaka ya mwanzo nilikuwa na matuta mawili ya sukuma wiki huku Kayenze, Mwanza, nikasema ngoja niwaonyeshe majirani, nikatia kopo zima la molasi kwenye ndoo ya lita 20, nikamwagilia jumatatu, nikarudia alhamisi. Wiki ya pili majani ya chini yote njano, mche umesimama tu kama umenuna, na sisimizi wamejipanga kutoka kwenye mti wa mwembe mpaka kwenye tuta. Mama jirani akapita akaniuliza, "Mwanangu, hii ni dawa ya mboga au ya sisimizi?" Sikuwa na jibu, nikaweka samadi iliyooza vizuri, nikaacha molasi kabisa, zikarudi taratibu.

Siku hizi naweka samadi au mboji kwanza, halafu vijiko 4 kwa ndoo ya lita 20, nakoroga kwanza na maji ya uvuguvugu kidogo maana kwenye ya baridi inaganda chini, namwagilia udongo wenye unyevu tayari, jioni, kila baada ya wiki mbili. Sio kwenye majani, ukinyunyiza juu unakaribisha sisimizi na ukungu mweusi. Juu naweka matandazo ya majani makavu. Mchanganyiko ukilala siku mbili tatu ukaanza kunuka pombe, usiumwagie miche midogo.

Ila kama una molasi kidogo mi nakushauri ipeleke kwenye lundo la mboji, hapo ndo inalipa. Gugumaji tunalo bure, likate kate, lianike kwanza siku kadhaa maana zaidi ya asilimia 90 ni maji, kisha panga tabaka: gugumaji, samadi ya ng'ombe, majani makavu, kila tabaka nyunyiza maji ya molasi. Ndani ya siku chache chomeka nondo katikati ya lundo, ukiitoa huishiki, ina moto kweli. Hapo geuza lundo. Ila gugumaji la karibu na mto Mirongo unapoingia ziwani achana nalo, mmea ule unanyonya metali nzito na taka zote za mjini zinapita pale.

Na mabaki ya ndoo msimwage ziwani, sukari ile ikioza inamaliza hewa ya kwenye maji, samaki wanakosa pumzi. Na wewe uliyeniuliza kuhusu tuta lako pale ufukweni kabisa, sheria inataka mita 60 kutoka ziwani, sogeza tuta kwanza halafu ndo tuongee molasi.